Hiyo Globu Tu, Mzee

Nikikanyaga breki kwenye pikapu yangu, indiketa ya mbele kushoto inawaka. Haipepesi, inawaka tu, kwa mbali, kwa aibu. Nikiwasha indiketa hiyohiyo, taa ndogo za nyuma zinaanza kupepesa pamoja nayo, na mwanga wa dashibodi nao unaingia ngomani. Usiku nikiwasha taa kubwa, ya kushoto inamulika barabara ipasavyo, ya kulia inatoa mwanga wa rangi ya chungwa lililoiva, ambao haumuliki kitu zaidi ya kioo chake. Na ile taa ya bluu ya dashibodi, inayomwambia dereva kwamba amewasha fulu, inawaka wakati niko dimu.

Nimeyataja yote mapema ili msomaji anayejua magari apate nafasi ya kusema lile linalomwasha mdomoni. Haya, sema. "Hiyo globu tu." Ahsante. Tanga nzima imeshaniambia, kuanzia muuza kahawa mpaka shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye taa.

Gari lenyewe ni Hilux ya mwaka 1989, dizeli, yenye ile injini ya 2L ya lita 2.4 inayosikika kabla haijaonekana. Nalitumia kusomba machungwa kutoka Muheza. Injini sina ugomvi nayo. Waliolitengeneza nao sina ugomvi nao: lilipotoka kiwandani kila waya ulikuwa na rangi yake na kazi yake, na waya mweupe wenye mstari mweusi ulikuwa wa ethi, ukiukuta mbele ni ethi, ukiukuta nyuma ni ethi. Ugomvi wangu ni na wote walioligusa baada ya hapo, pamoja na upepo wa bahari, ambao hapa Tanga unakula bati mchana na usiku na hata Ramadhani haufungi.

Nchi hii haina upungufu wa mafundi wa kubadilisha vitu. Upungufu ni wa mafundi wa kutafuta kilichoharibika. Na katika vitu vyote vya kubadilisha, globu ndiyo yenye bahati mbaya kuliko vyote, kwa sababu inaonekana. Waya umejificha, fyuzi imejificha, ethi imejificha nyuma ya bampa kwenye tope la msimu uliopita, lakini globu iko pale mbele ndani ya kioo, kila mpita njia anaiona haiwaki, basi hukumu imetoka. Tena globu ina duka. Nenda mjini kote, hutakuta duka limeandika "Tunauza ethi, jumla na rejareja."

Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa pale Ngamiani, mchangamfu, mwenye kofia iliyogeuzwa.

"Mzee, hiyo globu tu."

"Umeipima?"

"Ya nini kuipima? Nakuwekea mpya."

Akaleta globu ya H4, ile yenye nyuzi mbili ndani, wati 55 za dimu na 60 za fulu, akaishika kwenye kioo kwa vidole vyote vitano. Alikuwa ametoka kula chapati. Sasa, globu ya halojeni hata kwenye boksi lake wamechora mkono na kuupiga mstari: usishike kioo. Kinapata moto mkali sana, na penye mafuta ya vidole panapata moto kuliko pengine, na hapo ndipo inapoanza safari ya kufa. Nilimwambia. Akaipangusa kwa kitambaa alichotoka kufutia gia boksi.

Globu mpya ikawaka rangi ya chungwa lililoiva.

Akaitazama. Akaigonga. Akasema, "Mzee, hizi zinakwendaga pacha," akaenda kuleta ya pili na kuiweka kushoto, kwenye taa ambayo haikuwa na kosa lolote. Nikaondoka na taa ya kushoto inayowaka kama jana, ya kulia isiyowaka kama jana, na globu mbili nzima za zamani kwenye droo ya dashibodi, ambazo sasa nalazimika kuzisikiliza zikigongana kila penye tuta.

Wa pili alikuja na testa, nikamheshimu kwa hilo. Akabana klipu kwenye bolti ya bodi, akasema ataanza na taa nzima ili aone uzima ukoje. Wazo zuri kabisa. Akawasha dimu, akachoma ncha ya testa nyuma ya soketi, mguu mmoja baada ya mwingine. Miguu iko mitatu. Wa kwanza una moto. Wa pili, wa fulu, una moto, ingawa fulu hatujawasha. Wa tatu, wa dimu, ile dimu iliyokuwa inatumulika usoni wakati huohuo, hauna moto hata kidogo.

Akarudia. Akasafisha ncha ya testa kwenye suruali, akarudia tena. Kisha akasimama, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama pikapu kwa jicho la mtu anayetafuta Ayatul Kursi kichwani.

"Mzee, hii inawaka bila moto."

Wala haikuwa jini. Kwenye Hilux nyingi za enzi hizo, moto unatangulia kwenye globu, unaingia kwa mguu wa pamoja wa dimu na fulu, na ile swichi ya kubadilishia iko upande wa kurudi: haipeleki moto, inafungua njia ya kwenda ethi. Ukichagua dimu, mguu wa dimu unashushwa ethi, kwa hiyo testa ikiugusa haioni kitu, na uzi unawaka kweupe. Mguu wa fulu haujafunguliwa njia, kwa hiyo moto umepita kwenye uzi wake na kusimama hapo unasubiri. Anayetafuta moto kwenye waya wa dimu ataukuta siku dimu haiwaki. Ni mpangilio wenye akili na wenye uchokozi kwa wakati mmoja, na fundi ambaye hakuambiwa na mwalimu wake atamaliza siku akiamini gari limerogwa.

Huyu hakusema limerogwa. Alisema neno ambalo mafundi umeme hulitumia pale ambapo wengine wangesema limerogwa: "Shoti." Shoti wapi? "Shoti ya ndani." Ndani wapi? Akanyoosha mkono kuonyesha gari zima. "Tufumue zote, mzee, tupige wayaringi mpya." Akataja bei ambayo ningeongeza kidogo tu nikapata bodaboda, na bodaboda ina taa moja ya mbele, kwa hiyo haiwezi kugombana na mwenziwe.

Hapa niweke neno kuhusu wauza LED, maana na wao walinipitia. Kijana mmoja wa duka la vifaa alinishauri niachane na halojeni kabisa, niweke LED nyeupe yenye ubluu, "ili uone mpaka Segera." Kuona mpaka Segera sihitaji, Segera naijua. Ninachohitaji ni kuona ng'ombe aliye hatua chache mbele yangu pale Pongwe. Kioo cha taa ya zamani kilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba wa halojeni uliokaa mahali pake. Ukichomeka LED isiyolingana nao, mwanga unatawanyika, nusu unapanda kwenye minazi na nusu unaingia machoni mwa dereva wa lori anayekuja. Halafu naye anakujibu kwa zake. Barabara ya Segera usiku imejaa majibizano ya namna hiyo. Akanishauri pia LED za indiketa. Nazo zinavuta umeme kidogo mno, flasha ya zamani inadhani globu imeungua, inapepesa kwa kasi ya mtu aliyekimbizwa na nyuki. Nikamshukuru, nikanunua solotepu ili nisitoke mikono mitupu.

Wakati wote huo gari linafanya kazi, kwa sababu machungwa hayasubiri fundi. Ndipo matrafiki wawili waliponisimamisha njia ya Muheza, mchana kweupe, mmoja akasimama mbele na mwenzake akaenda nyuma.

"Breki!"

Nikakanyaga.

"Breki ya kushoto hafifu," akasema wa nyuma.

"Huku anakata kushoto," akasema wa mbele.

Wakatazamana juu ya shehena yangu ya machungwa. Wa mbele akaja dirishani.

"Mzee, unasimama au unakata?"

"Nasimama, afande."

"Mbona gari linasema unakata?"

Nikaanza kumweleza habari za umeme kukosa njia ya kurudi. Alinisikiliza kwa adabu, sikatai. Kisha akaniandikia 30,000 yangu, akanirudishia leseni, akasema kwa upole wa mtoto wa kiume kwa baba yake, "Mzee, nunua globu."

Jumapili moja nikaamua kufungua mwenyewe zile nyaya zinazokwenda nyuma, nione tu. Sikusudii kumsema marehemu yeyote, lakini waliomiliki gari hili kabla yangu walikuwa watu wa ajabu. Juu kuna solotepu nyeusi. Chini yake kuna solotepu nyekundu. Chini ya nyekundu kuna plasta, ile nyeupe ya kufungia vidonda, na sijui kama alipungukiwa na solotepu au alikuwa mtu wa hospitali anayeamini kila jeraha ni jeraha. Chini ya plasta nikakuta waya wa spika umeungwa na waya mgumu wa nyumba, nao umeungwa na kipande cha waya wa simu ya mezani. Hakuna palipounganishwa kwa risasi, kote pamesokotwa kwa vidole na kuombewa dua. Kulikuwa na waya mmoja mnene uliotoka kwenye betri, ukapita chini ya kiti, ukatokea nyuma ya kabati la redio, ukaishia hewani, una moto, unasubiri mtu. Huko nyuma mmoja wao lazima alikuwa na king'ora.

Kwenye boksi la fyuzi ndiyo usiseme. Fyuzi hizi za kuchomeka zina rangi ili hata asiyesoma asikosee: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Kwenye boksi langu, penye kuandikwa 10 na penye kuandikwa 15, kote kumeota kijani. Yaani mtu aliunguza fyuzi, akaweka nyingine ikaungua, badala ya kuuliza inaungua kwa nini akaweka isiyoungua. Fyuzi isipoungua, ndugu yangu, kinachoungua ni waya, na waya unapita chini ya makalio yako. Nafasi moja haikuwa na fyuzi kabisa. Ilikuwa na ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri, imechomekwa. Karatasi hiyo ilikuwa ya taa ya kulia.

Niliyemwita baada ya hapo ni mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, aliyekula ujana wake kwenye gereji ya shamba la mkonge, akitengeneza matrekta na malori ambayo vipuri vyake vilikuwa vinakuja kwa meli kama vikija. Watu wa namna hiyo walijifunza kutafuta tatizo kwa sababu cha kubadilishia hakikuwapo. Alikuja na mfuko wa rambo. Ndani mna mita, brashi ya waya, kipande cha msasa na kopo dogo la grisi. Hakutazama globu. Alizunguka gari mara moja, akakubali kikombe cha kahawa, akauliza:

"Ethi ya taa za nyuma iko wapi?"

Nusura nimkumbatie.

Akanieleza mambo ambayo nusu nilikuwa nayajua na nusu nilikuwa nayajua vibaya. Umeme ukitoka kwenye betri na kupita kwenye globu haujamaliza kazi, lazima urudi betri. Kwenye gari njia ya kurudi ni bati lenyewe: waya mfupi unatoka kwenye taa, unafungwa kwa bolti kwenye bodi, basi. Kati ya waya na bodi kukiingia kutu, njia imefungwa. Sasa umeme wa breki umeshafika kwenye taa ya nyuma kushoto, kurudi haiwezekani, na mlemle kwenye kiota kimoja kuna globu ya indiketa iliyofungwa ethi hiyohiyo mbovu. Unapita humo kinyumenyume, unafuata waya wa indiketa mpaka mbele, unakuta globu ya mbele kushoto ina ethi nzima, unashukia hapo. Umepita kwenye globu kadhaa ambazo hazikualikwa, na kila moja imepata kidogo, ndiyo maana zinawaka kwa aibu. Ukiwasha indiketa ni safari hiyohiyo kwa njia nyingine, kupitia uzi wa taa ndogo, mpaka taa za dashibodi.

Akaweka mita: waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye ethi ya taa ya nyuma, akaniambia nikanyage breki. "Hapa tunataka iwe karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, nina maneno." Mita ikasoma volti 3 na ushei. "Nina maneno," akasema.

Akalala chini, akafungua bolti iliyokuwa imeshakuwa tonge la kutu, akasugua bati mpaka likang'aa, akasugua kichwa cha waya, akapaka grisi, akafunga. Akaenda mbele akafanya vilevile, kwenye ethi za taa kubwa na kwenye ule waya mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini na bodi. Akatoa karatasi ya sigara, akainusa, akataja aina ya sigara bila kukosea, akaweka fyuzi nyekundu.

Taa ya kulia ikawaka nyeupe. Ile bluu ya dashibodi ikazimika. Ilikuwa hivi: karatasi ilishaoza, taa ya kulia haipati moto wake, inaishi kwa makombo yanayovuja kutoka taa ya kushoto kupitia uzi wa fulu. Hata ya kushoto iliongezeka mwanga. Mzee akasema watu hawajui ubaya wa volti inayopotea njiani: ikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa globu unapungua kwa karibu asilimia 30. Nimekuwa nikiendesha miaka yote kwa theluthi mbili ya mwanga huku nikilaumu macho yangu. Miwani nimenunua.

Kahawa yake ilikuwa haijapoa. Na hilo, kusema kweli, liliniudhi. Mtu ameteseka, amelipa faini, ameuziwa globu pacha, halafu dawa inakuwa msasa na mgongo wa mtu mzima kugusa ardhi kwa nusu saa. Hata cha kuonyesha hakuna. Jirani alitoka nje kuona taa zinawaka, akauliza:

"Kabadilisha nini?"

"Hajabadilisha kitu. Kasugua."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi haijapona hiyo."

Kabla hajaondoka, mzee alifungua dashibodi kukagua taa za ndani, akakuta nyuma ya alama ya oili pana kitobo kitupu. Globu haikuungua, haikuwapo. Mtu aliichomoa. Mzee akatafuta kwenye mfuko wake, akapata ndogo ya kulingana, akaipachika, akanyonga ufunguo. Taa nyekundu ikawaka, injini ilipoitika ikazimika, kama inavyotakiwa. Akapokea ujira wake, akabeba rambo lake, na kesho yake akasafiri Pangani kwenye arusi ya mjukuu.

Juzi narudi Muheza na shehena, injini ina moto, nimesimama kwenye foleni ya kuingia mjini, silensa inanguruma chini. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikaongeza mafuta ikazimika. Nikaachia ikawaka. Nikapima oili kwa kijiti, iko sawa. Inaweza kuwa swichi ya presha imechoka, inaweza kuwa pampu, inaweza kuwa mambo ya chini kwenye beringi ambayo sitaki hata kuyataja mbele ya gari. Mzee bado yuko Pangani, simu haipatikani. Nikakata kona Ngamiani. Yule kijana wa kofia akaja mbio, akaingiza kichwa dirishani, akaitazama ile taa nyekundu, akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki.

"Aa, hii naijua. Hii nilishaichomoaga hii, mwenyewe wa zamani alikuwa analalamika inamsumbua. Nani kairudisha?"

Sikujibu.

"Hiyo globu tu, mzee. Fungua mlango nikutolee, elfu mbili."